Winta ya Franken: tunazunguka viwanda vya bia vya vijijini na kuandika bei

Alhamisi, Bamberg

Niseme lengo mapema manake watu wakiona theluji wanadhani tulienda kuteleza na skii. Hamna. Tulienda kuzunguka viwanda vidogo vya bia vijijini, huku Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, Ujerumani, na kuandika bei ya kila nusu lita kwenye simu. Tuko wawili, mimi Mchaga wa Rombo na jamaa yangu wa Mombasa ambaye ni Muislamu na kilevi hagusi, ila ana gari lenye matairi ya winta, na kwa barabara za Januari huyo ndo mtu wa kusafiri naye, manake polisi wa huku wakikupima ukazidi kilevi cha 0.5 kwa elfu kwenye damu leseni iko matatani.

Chanzo ni ubishi wa kazini. Tunafanya kazi ghala moja Nürnberg, siku hiyo nilikuwa nalalamika bia ya Ujerumani imekuwa ghali mno, nikatoa mfano wa Oktoberfest, lile tamasha la bia la München, ya 2024 ambapo lita moja iliuzwa kuanzia euro 13.60 mpaka 15.30 kutegemea hema. Mjerumani mmoja wa zamu yetu, mtu wa vijijini, akacheka akasema hiyo sio bei ya bia, hiyo ni bei ya hema na muziki, ukitaka bei ya bia nenda Oberfranken. Jamaa wa Mombasa akadakia hapo hapo: "Mchaga na pesa, twende ukahesabu mwenyewe." Ndo hivyo, tumeomba off, tumejaza tenki, huyo Bamberg.

Oberfranken kwa wasiojua ni mkoa wa watu milioni moja na kidogo wenye viwanda vya bia takribani 200. Vingi sio viwanda vya kufikiria mabomba na malori, ni nyumba ya familia, chini kuna baa na jiko, nyuma kuna mtambo, juu wanalala wenyewe. Bamberg ndo mji wake wenye jina, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1993, kanisa kuu ni zuri wanasema, sisi tulilitazama kwa mbali tukiwa tunatafuta parking.

Tumeanzia Spezial, wanapika tangu 1536, na ng'ambo ya barabara wanatazamana na Fässla walioanza 1649, yaani ukitoka mlango huu ukavuka lami umeingia mlango ule. Bia ya Spezial ni ya moshi. Shayiri ikishaoteshwa ikawa kimea lazima ikaushwe, na zamani ilikaushwa juu ya moto wa kuni, kwa hiyo bia nyingi za enzi hizo zilikuwa na moshi ndani yake. Zilipokuja njia za kukausha kwa hewa safi ya moto karibu dunia yote ikahama, Spezial na Schlenkerla hapa Bamberg wakabaki na kuni zao. Ya Schlenkerla ndo kali, nyeusi, asilimia 5.1, inatoka kwenye pipa la mbao bila gesi ya kuisukuma, inashuka yenyewe kwa uzito wake. Nikampa jamaa anuse tu. "Yakhe, hii mbona yanuka nyama iliyosahauliwa juu ya jiko." Glasi ya kwanza nilikubaliana naye, ya pili nikaanza kuielewa.

Bei: sehemu tulizopita Bamberg nusu lita inacheza kama euro 4, senti kadhaa juu au chini. Mhudumu haandiki kwenye mashine, anachora mstari kwa peni kwenye kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi, na mwisho anahesabu mistari. Nimeipenda sana hii, risiti iko mbele yako muda wote, ukilewa inakusuta.

Watu wa mji huu hawachezi na bei na wana historia nayo. Mwaka 1907 wenye viwanda walikubaliana kupandisha nusu lita kutoka pfennig 11 (senti za Ujerumani za zamani) kwenda 12. Pfennig moja tu! Wanywaji wakasusa, wakawa wanaletewa bia ya Forchheim, mji wa jirani, na haukupita muda wenye viwanda wakarudisha bei ya zamani. Leo bei ikipanda sisi tunaguna halafu tunalipa.

Halafu kuna ile sheria ya Bavaria ya 1516 ambayo Wajerumani wanaitangaza kila mahali, kwamba bia ni shayiri, hopsi (maua ya kutia uchungu) na maji tu. Ukiisoma toka juu, inaanza na bei! Inasema kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, mpaka ya Mtakatifu Joji, Aprili 23, kipimo kimoja cha Mass (kama lita hivi) kisizidi pfennig 1, na kuanzia Joji mpaka Mikaeli kisizidi pfennig 2. Yaani winta nusu bei. Sababu inaeleweka, bia ilikuwa inapikwa vizuri wakati wa baridi na ya kunywa kiangazi ilibidi ilale pangoni miezi kadhaa, mpaka mwaka 1553 wakapiga marufuku kabisa kupika kiangazi manake iliharibika. (Bamberg kipindi hicho haikuwa Bavaria, walikuwa chini ya askofu wao na walikuwa na sheria yao ya 1489, na watakukumbusha hilo bila kuulizwa.) Nikamuuliza mhudumu punguzo la winta limeishia wapi siku hizi. Akanitazama, akachora mstari mwingine kwenye kikaratasi, akaenda zake.

Jamaa naye akawa na hesabu zake. Huku kuna sheria kwamba kila baa iwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi ambacho bei yake haizidi ile ya kilevi cha bei ya chini kabisa, kwa kipimo sawa. Kwa hiyo kazi yake safari nzima ni kukagua menyu kama sheria imefuatwa, na mara nyingi kinachomwokoa ni maji ya soda, manake juisi ya tofaa iliyochanganywa na soda inakaa palepale na bia. "Mimi nalipa bei ya ulevi bila kulewa," analalamika, na sikuwa na la kumjibu.

Ijumaa, mabwawa ya Aisch

Minus sita asubuhi, kioo cha gari kimeganda tumekikwangua na kadi ya supamaketi. Leo ni siku ya samaki, nilimwahidi jamaa, manake chakula cha baa za huku ni nguruwe juu ya nguruwe, bega la nguruwe, soseji ya nguruwe, supu yenye vipande vya unajua nini. Ila bonde la mto Aisch lina mabwawa ya kufugia samaki aina ya karp tangu enzi za watawa waliokuwa wanafunga kula nyama, na msimu wake ndo huu, Septemba mpaka Aprili, wenyewe wanasema miezi yenye herufi r.

Kabla ya samaki tukapotezewa saa nzima. Kuna kijiji tulikuwa tumekipanga, tukaendesha kwenye barabara nyembamba theluji kulia theluji kushoto, tukafika tukakuta karatasi mlangoni imeandikwa Betriebsurlaub, likizo, mpaka katikati ya Februari. Kwenye mtandao imeandikwa wamefungua. Hii ndo shida ya winta, Januari familia nyingi ndo zinapumzika, na pia kila baa ina siku yake ya kufunga katikati ya wiki. Kuanzia hapo tukawa tunapiga simu kwanza, simu ya kawaida ya mezani, inapokelewa na mama anayeongea kifranken ambacho hata Mjerumani wa Berlin anakuna kichwa.

Samaki analetwa nusu, amepasuliwa kuanzia kichwa mpaka mkia, amekaangwa akakunjamana anazidi sahani, na saladi ya viazi. Bei yake inafuata uzito. Jamaa wa Mombasa akamkagua kama mkaguzi wa soko la Marikiti, akapindua, akaonja ubavuni, akakaa kimya. "Ana tope kidogo," akasema, "lakini wamemkaanga na adabu." Aliagiza na mayai ya huyo samaki, yamekaangwa, pembeni. Bia hapo ilikuwa euro 3 na senti hamsini hivi, nikaandika, yaani kilomita thelathini na kitu toka Bamberg tayari nusu euro imedondoka.

Jumamosi, Aufseß

Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri. Aufseß ni kata ya vijiji kadhaa, watu kama 1,300 na ushee, na ina viwanda vya bia vinne. Vinne! Wameingia kwenye kitabu cha Guinness kwa hilo, viwanda vingi kuliko kote duniani ukigawa kwa idadi ya watu. Rothenbach wako Aufseß penyewe, Kathi-Bräu wako Heckenhof, Reichold wako Hochstahl, Stadter wako Sachsendorf, na kuna njia ya miguu inawaunganisha kwa mzunguko wa kama kilomita 14. Unapewa kadi, kila kiwanda kinagonga muhuri, ukimaliza minne unapewa cheti cha mnywaji wa heshima wa Franken. Jamaa akauliza kama asiyekunywa anapata cheti. Nikamwambia wewe tembea kwanza.

Tukaacha gari karibu na kasri la Unteraufseß. Pembeni kidogo, huyu bwana wa kasri, Hans von und zu Aufseß, ndo aliyeanzisha ile makumbusho kubwa ya taifa ya Nürnberg mwaka 1852, ninayopita mbele yake kila wiki nikienda kununua unga, sikuwa najua kabisa.

Theluji ilikuwa inafika kwenye mabuti, shamba lote jeupe, alama za njia zimefunikwa nusu, na upepo wa juu ya ile miinuko hauna huruma, unapita jaketi unapita sweta unakuja kukuuliza kwenu wapi. Kiangazi njia hii imejaa watu na Heckenhof kwa Kathi kumejaa mapikipiki, mahali hapo ni maarufu kwa watu wa pikipiki Ujerumani nzima. Leo uwanja wa parking ulikuwa na trekta na baiskeli iliyozikwa. Ila mlango unafunguka, joto linakupiga usoni, miwani inaingia ukungu, na unasikia harufu ya kuni na kitunguu.

Adabu ya kuingia: unagonga meza kwa kifundo cha vidole mara mbili badala ya kumpa kila mtu mkono, na usikae kwenye meza yenye kibao cha Stammtisch, hiyo ina wenyewe hata kama iko tupu mpaka jioni. Sehemu moja tukakaribishwa kwenye meza ya wazee watatu wanacheza karata, wakamuuliza jamaa kwa nini hanywi, akasema dini, mmoja akasema daktari wangu naye ana dini hiyo hiyo, meza yote ikacheka na hapo tukawa tumekubalika.

Sasa bei. Mzunguko mzima nusu lita ilikuwa tatu na kitu. Bia nyeusi, bia ya dhahabu yenye ukungu, moja laini isiyo na gesi nyingi inayoteremka bila kukuuliza. Mimi nikaanza hesabu kwenye simu na mikono imeganda.

Kimea: nusu lita ya bia ya kawaida inakula kama gramu 90 hivi za kimea, hizo ni senti chache tu, labda saba. Hopsi hata usihesabu. Ushuru wa bia wa Ujerumani unafuata uzito wa sukari ya mwanzo kabla haijachacha, kwa bia ya kawaida haufiki senti tano kwa nusu lita, na viwanda vidogo vinalipa pungufu ya hapo. VAT asilimia 19, kwenye bia ya euro 3.20 hiyo ni senti 51. Kwa hiyo vitu vinavyoingia ndani ya glasi ni senti, serikali inachukua senti hamsini na kitu, na kilichobaki chote, zaidi ya euro mbili na nusu, ni moto, maji, jengo, na watu.

Linganisha na kwetu Afrika Mashariki. Kenya tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bia unapigwa kwa kileo kilichomo, shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo tupu, bia ya nusu lita ya asilimia 4.2 inabeba kama shilingi 47 za ushuru kabla hata ya VAT, zaidi ya senti 30 za euro, zaidi ya mara sita ya ule anaolipa Mjerumani mwenye kipato mara nyingi zaidi. Nikimwambia mtu wa nyumbani nimekunywa bia ya euro 3.20 anapiga kwa shilingi ya Tanzania anapata zaidi ya elfu nane anasema mnaibiwa huko. Hapana, hesabu haiendi hivyo. Kima cha chini huku mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kwa hiyo bia ya kijijini ilikuwa robo saa ya kazi. Mhudumu wa baa Moshi anayepata laki na nusu kwa mwezi, bia ya 2,500 ni karibu nusu ya siku yake. Nani ananyweshwa ghali hapo?

Jamaa akasikiliza yote hayo akiwa anatembea mbele yangu, akageuka: "Na hao watu uliowaweka mwisho, umewahesabu kwa shilingi ngapi?"

Swali likanikaa. Sehemu moja, sitataja ipi, aliyetuletea sahani alikuwa bibi wa miaka kama themanini, mgongo umepinda, anabeba sahani nne kwa mkupuo, na mjukuu wake anafanya homework ya hesabu kwenye meza ya pembeni, mara anaitwa anaacha kalamu anaenda kuosha glasi anarudi. Baba yuko kwenye mtambo na mabuti ya mpira, anatokea mara moja kuangalia nani kaja. Huyo bibi halipwi kwa saa. Mjukuu halipwi. Jengo walirithi. Bei ya tatu na kitu imekaa juu ya mabega yao.

Nikamkumbuka bibi yangu Rombo. Alikuwa anapika mbege ya kuuza, ndizi mbivu zinachemshwa mpaka rangi inakuwa kama matofali, zinakaa siku kadhaa, zinachujwa, halafu uji wa ulezi uliooteshwa, na magome ya msesewe ya kutia uchungu, kazi ile ile inayofanywa na hopsi huku. Wiki nzima anashughulika, anaamka usiku kuangalia moto. Siku ya kuuza watu wanakuja wanalalamika kata ya mbege imepanda bei. Alikuwa anapigia ndizi hesabu hata kama ni za shamba lake, anapigia ulezi, anapigia kuni, na usiku wake sikumsikia akiupigia hata siku moja. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nakunywa togwa ya bure na kuona mambo yanaenda vizuri.

Muhuri wa nne tumeupata giza limeingia. Jamaa naye kapata cheti! Mhudumu aliuliza tu kama ametembea, akasema ametembea yote na kabeba begi langu nusu ya njia, akagongewa. Kwa hiyo sa hivi kuna Mswahili wa Mombasa ambaye ni mnywaji wa bia wa heshima wa Franken, kwa Spezi nne, ile soda yao ya kola na machungwa.

Jumapili, Windischeschenbach

Tumehama mkoa, tuko Oberpfalz, mashariki, karibu na mpaka wa Czech. Baridi ya huku ni nyingine, kavu, pua inaganda kwa ndani. Hapa kuna bia inaitwa Zoigl na utaratibu wake sijauona kwingine kokote.

Ni hivi. Mji una jengo moja la kupikia, mali ya wote. Nyumba fulani, sio mtu, nyumba, zina haki ya kupika humo tangu karne nyingi, huko Neuhaus mtaa wa jirani haki hizo ni za mwaka 1415. Siku yako ya zamu ikifika unapeleka kimea chako na hopsi zako, unawasha kuni chini ya chungu kikubwa, unachemsha, unalipa ada ya kutumia chungu, yale maji matamu yanapoa usiku kucha kwenye beseni pana la chuma, asubuhi unayabeba kwa tanki nyuma ya trekta mpaka kwenye pango la nyumba yako, hamira inafanya kazi huko. Bia ikiwa tayari unatundika nyota ya pembe sita nje ya nyumba, watu wakiiona wanajua wiki hii ni kwako. Ikiisha unaitoa nyota, zamu inaenda nyumba nyingine. Sasa hivi kuna kalenda ya kuangalia nani amefungua lini, kwa kawaida ni wikiendi ndefu. Mwaka 2018 wameiingiza kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi usioshikika.

Tukaenda tunatafuta nyota kwenye barabara iliyofunikwa theluji, saa nane mchana na tayari kijivu, tukaiona imetundikwa kwenye mti uliotokeza ukutani. Ndani ni sebule. Sio mfano wa sebule, ni sebule ya watu, picha za harusi ukutani, saa ya ukutani, jiko la vigae. Hakuna meza ya wawili, unasukumwa ukutani kati ya watu usiowajua, dakika mbili unajua nani anaumwa goti. Chakula ni cha baridi, mkate, soseji za ini, nyama ya kugandisha. Jamaa wakamkatia jibini na kitunguu na figili na mkate mkubwa, akashiba.

Bia yenyewe: ina ukungu kidogo, laini, gesi chache, ladha ya mkate, na haifanani na ya nyumba nyingine ingawa imetoka chungu hicho hicho, wenyeji wanabishana kuhusu hilo kama sisi na timu za mpira. Bei: euro 2.80. Nikamuuliza mhudumu mara mbili nikidhani ni ya glasi ndogo. Ni ya nusu lita.

Hapo nikasema ushindi ni wa Mjerumani wa ghalani, bia ya bei nzuri ipo. Jamaa wa Mombasa akakataa. Yeye anasema hii sio bei, hii ni sadaka, na mtu mmoja mezani aliyekuwa anatusikia tukichanganya kijerumani na kiswahili akauliza tunabishana nini, tukamweleza, akachukua upande wa Mombasa! Akasema yeye mwenyewe nyumba yao ina haki ya kupika na hawajapika tangu baba yake aache, manake dada zake wako Regensburg na München na hakuna wa kusimama jikoni. Akasema watu wanatoka mbali na gari la elfu hamsini wanakuja kulalamika senti ishirini zimeongezeka.

Huku Windischeschenbach pia kuna lile shimo refu la utafiti walilochimba kwenda chini mita 9,101, wakaacha mwaka 1994. Tulipita tukauona mnara. Jamaa akasema Wajerumani hata shimo wanalipangia ratiba. Twende.

Jumatatu, Neuhaus na kurudi

Bahati imetuangukia, asubuhi huko Neuhaus moshi ulikuwa unatoka kwenye jengo la kupikia, kuna nyumba iko zamu. Mlango ulikuwa wazi, mzee mmoja akatuashiria tuingie. Joto, mvuke mpaka huoni dari, sakafu inateleza, na kile chungu kinachemka na povu la rangi ya kahawia linapanda kingo na kurudi. Alikuwa anasukuma magogo ya mita nzima chini, anafunga kijimlango kwa mguu. Hakuna skrini wala kitufe, kuna kipimajoto kimefungwa kwa kamba. Binti yake alikuwa anakoroga. Anafanya kazi ofisini Weiden na amechukua siku ya likizo yake kuja kupika. Nikauliza analipwa? Wakatazamana wakacheka, mzee akasema analipwa kwa bia, binti akasema hanywi bia.

Nikafanya hesabu tena nikiwa naota moto pale. Tuseme sebule ya Zoigl inafungua masaa kumi, watu wanne wanahudumu, na uwalipe kile kima cha chini cha 2025, 12.82. Hiyo ni euro 512.80 kwa siku. Tuseme wanauza nusu lita 300. Inakuwa euro 1.71 kwa kila glasi. Ongeza kwenye 2.80 ya jana, unapata 4.51. Nikaitazama hiyo namba nikamwonyesha jamaa, akasoma, akasema "si ndo bei ya Nürnberg hiyo." Ndo yenyewe, ndo tunayolipa baa za karibu na ghala, niliyokuwa naita wizi. Na hapo sijaweka kodi ya nyumba wala siku ya kupika wala magogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ninaoupeleka kazini kesho ni huu: Mjerumani yuko sahihi kwamba bia inaweza kuwa tatu na kitu, na mimi nilikosea kuita bei ya mjini wizi, ila hema la München linabaki wizi, hilo sibadilishi. Na wale wanaotaka ya vijijini ibaki 2.80 milele waje na wao waoshe glasi. Zikiwa 3.50 kesho mimi nitalipa na chenji nitaacha mezani.

Ukitaka kwenda: beba keshi, kadi sehemu nyingi hawataki kuisikia. Piga simu kwanza. Nenda na mtu asiyekunywa na umlishe samaki. Mabuti yasiyopitisha maji, sio raba.

Tumerudi kwa barabara kubwa, theluji imegeuka mvua karibu na Nürnberg. Kituo cha mafuta jamaa akajaza tenki akaniletea risiti kimya kimya, nikalinganisha na orodha yangu ya bia za wikiendi nzima. Mafuta yamezidi. Ameniambia nusu yake nimtumie kabla ya Ijumaa.